Kabla Hujapanga Nyumba Altnaharra

Tarehe 30 Desemba 1995 kipimajoto cha Altnaharra, kitongoji kidogo katikati ya Sutherland, kaskazini mwa Uskoti, kilishuka hadi nyuzi 27.2 chini ya sifuri. Hakuna mahali Uingereza palipowahi kupimwa baridi kali kuliko hiyo. Braemar ndiyo iliyowahi kuifikia, mwaka 1895 na tena 1982. Tarehe 28 Desemba 2019, Achfary, kitongoji kingine cha Sutherland hiyo hiyo, kilipima nyuzi 18.7 juu ya sifuri, na Uingereza nzima haikuwahi kupima joto kama hilo ndani ya Desemba. Ukipiga mstari ulionyooka juu ya milima, kutoka kitongoji kimoja hadi kingine hazifiki kilomita 30.

Kwa hiyo anayeuliza "Uskoti kuna baridi kiasi gani?" hatapata jibu la kumsaidia. Aulize nyumba imekaa upande gani wa bonde, mlango wake umeelekea wapi, ukuta umejengwa kwa nini, na theluji ikianguka barabara itafunguliwa lini. Maswali hayo yanawahusu wasomaji wetu kuliko inavyodhaniwa. Kazi za hotelini na za kutunza wazee, ambazo zimewapeleka Waafrika Mashariki wengi Uingereza, haziko mijini peke yake, na tangazo la kazi halisemi kwamba dukani ni nusu saa na zaidi kwa gari.

Tuichukue Altnaharra kama mfano, kwa kuwa karibu kila jambo la vitongoji vya Nyanda za Juu za Uskoti linaonekana pale waziwazi.

Mahali penyewe

Altnaharra ipo mwisho wa magharibi wa Loch Naver, ziwa jembamba lenye urefu wa kilomita 10 hivi. Kusini yake umesimama mlima Ben Klibreck, mita 962. Barabara ya A836 hutoka Lairg, kilomita zipatazo 34, hupita kitongojini na kuendelea kaskazini hadi Tongue karibu na bahari. Njia nyingine hufuata ukingo wa ziwa. Pale zinapokutana ndipo pana hoteli ya zamani inayopendwa na wavuvi wa samoni, kanisa dogo, na nyumba chache zilizotawanyika. Usitarajie soko, stendi wala mtaa wa maduka. Duka la uhakika liko Lairg, na treni ya kwenda Inverness utaipandia huko huko. Katikati ya safari hiyo ya kusini utaikuta nyumba moja ya wageni iliyo peke yake nyikani, Crask Inn, ambayo wenyewe waliitoa kwa Kanisa la Episkopali la Uskoti, kwa hiyo ibada na bia zikawa chini ya paa moja.

Mgeni huuona upweke huo akadhani watu hawakuwahi kupapenda. Walipapenda sana. Bonde la Strathnaver, linaloanzia hapa na kushuka hadi baharini Bettyhill, lilikuwa na vijiji vya wakulima na wafugaji mpaka mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wamiliki wa ardhi ya Sutherland walipoamua kwamba kondoo wana faida kuliko wapangaji. Rosal na vijiji vya jirani vilianza kuhamishwa mwaka 1814, na Grummore, ukingoni mwa Loch Naver, kikaondolewa mwaka 1819. Nyumba zilichomwa ili watu wasirudi. Patrick Sellar, msimamizi aliyeongoza kazi hiyo, alishtakiwa Inverness mwaka 1816 na kuachiwa huru. Wengi walisukumwa pwani kwenye vipande vya ardhi visivyotosha, na wengine wakavuka bahari. Sheria ya mwaka 1886 ndiyo iliyowapa wakulima wadogo waliobaki haki ya kutofukuzwa ovyo.

Nimelieleza hilo kwa sababu litakusaidia kuisoma ardhi. Ukipita ukaona kipande cha nyasi za kijani kibichi katikati ya vichaka vya kahawia, kikiwa na mistari ya mawe iliyozama, hapo palikuwa na shamba na nyumba. Wazee walichagua pakavu, penye mteremko kidogo na maji karibu, na mara nyingi walichagua vizuri kuliko wajenzi wa leo wanaotafuta mandhari. Usichukue jiwe. Na usiyataje Mahamisho hayo kama kichekesho, maana zipo koo ambazo bado zinajua babu yao alitolewa nyumba ipi.

Sehemu kubwa ya ardhi iliyobaki ni piti, yaani mabaki ya mimea yaliyolowa na kushindiliana kwa maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa. Mbele kidogo, upande wa mashariki na kaskazini, lipo eneo kubwa la ardhi ya namna hiyo liitwalo Flow Country, ambalo UNESCO ililiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Kwa anayeishi hapo, piti ina mambo mawili ya kila siku. La kwanza, ukiacha njia unaweza kuzama hadi magotini mahali palipoonekana pakavu. La pili, maji ya bomba yanaweza kuwa na rangi ya chai ya rangi. Nyumba nyingi za mbali hazijaunganishwa na maji ya umma, zinategemea chemchemi au kijito. Rangi yenyewe si ugonjwa, lakini mzoga wa kondoo uliolala juu ya kijito unaweza kuleta ugonjwa. Kabla ya kusaini mkataba uliza maji yanatoka wapi, kama kuna chujio na taa ya kuua vijidudu, na yalipimwa lini. Maofisa wa afya wa halmashauri huyapima.

Baridi ya bondeni, joto la mlimani

Mkulima wa chai wa Njombe au Kericho anajua kwamba usiku wa jalidi chai ya bondeni huungua kwanza na ya kilimani hupona. Altnaharra inafuata kanuni hiyo hiyo, kwa ukali zaidi. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi iliyofunikwa theluji hutoa joto lake angani. Hewa iliyogusa ardhi hiyo hupoa, huwa nzito, na huteremka taratibu kutoka milimani hadi bondeni, ambako hutuama. Kitongoji kipo kwenye mwinuko wa mita 80 tu, lakini kimezungukwa na vilima na bahari iko mbali, hivyo hakuna cha kuikoroga hewa hiyo. Nyumba iliyojengwa mita 30 juu zaidi, kwenye mteremko, inaweza kuamka na nyuzi kadhaa za nafuu.

Joto la Achfary nalo lina asili yake. Upepo wa kusini ukileta hewa yenye unyevu kutoka Atlantiki, hewa hiyo hupanda milima kama Ben More Assynt, hupoa na kuangusha mvua upande ule. Ikivuka kilele imeshakauka, na ikishuka hubanwa na kupata joto kwa kasi kuliko ilivyopoa wakati wa kupanda. Mtu wa upande wa kaskazini hufungua mlango katikati ya majira ya baridi akakutana na upepo wa uvuguvugu. Achfary iliirudia hali hiyo tarehe 28 Januari 2024, ikafika nyuzi 19.9, rekodi ya Uingereza kwa Januari.

Ila rekodi ni rekodi. Siku za kawaida za majira ya baridi huchezea juu kidogo au chini kidogo ya sifuri, na mchana wa kiangazi unaofika nyuzi 20 huhesabiwa kuwa mzuri. Moscow iko kusini kuliko Altnaharra, na bado baridi yake ni kali zaidi, kwa kuwa Uskoti hupokea pepo zinazopita juu ya maji ya Atlantiki yenye uvuguvugu. Zawadi hiyo ina gharama yake, nayo ni mvua. Milima ya magharibi hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, na pwani ya mashariki chini ya milimita 800. Mvua yenyewe mara nyingi si ya kumwaga ikaisha kama ya masika. Ni manyunyu, rasharasha, ukungu unaolowesha, leo na kesho na keshokutwa. Na upepo huisukuma ikapita ubavuni. Mwavuli hapo ni mzigo tu, nunua koti lisilopitisha maji na buti zake. Kuhusu upepo, inatosha kusema kwamba tarehe 13 Februari 1989, Fraserburgh, kwenye pwani ya mashariki, ilipimwa dhoruba ya kilomita 229 kwa saa.

Jambo linalowalemea wageni wa kutoka ikweta, kwa maoni yangu, si baridi. Ni giza. Mwishoni mwa Desemba jua la Altnaharra huchomoza baada ya saa 3 asubuhi na kuzama karibu saa 9 na nusu alasiri, na kama mlima uko kusini ya nyumba yako unaweza usilione kabisa. Mwishoni mwa Juni mambo hugeuka: jua huzama karibu saa 4 na nusu usiku, na giza halikamiliki hata usiku wa manane. Nunua pazia nzito kwa ajili ya Juni. Kwa ajili ya Desemba, jilazimishe kutoka nje saa za mchana hata kama kuna manyunyu. Daktari akikushauri vitamini D usipuuze, kwani serikali ya Uskoti huwahimiza watu wote kuitumia wakati wa majira ya baridi, na wenye ngozi nyeusi mwaka mzima.

Ukuta unaopumua

Nyumba za kale za Nyanda za Juu zilijengwa kupambana na upepo kwanza, baridi baadaye. Mfano uliohifadhiwa vizuri uko kisiwani Lewis, katika kitongoji cha Arnol, nyumba namba 42. Kuta zake ni mbili, za mawe yaliyopangwa bila udongo wa kuunganishia, na katikati yake kumejazwa udongo. Paa la nyasi limefungwa kwa kamba zilizoning'inizwa mawe ili upepo usilipeperushe, na pembe zote zimeviringwa. Dohani hakuna. Moto wa piti uliwaka katikati ya sakafu, moshi ukajipenyeza kwenye nyasi, na nyasi zilizojaa masizi zikawa mbolea ya shamba. Ng'ombe walikaa chini ya paa hilo hilo na joto lao lilikuwa sehemu ya hesabu. Watu waliishi humo hadi mwaka 1966.

Nyumba utakayopangishwa wewe si hiyo. Huenda ikawa ya mkulima mdogo ya karne ya 19: mlango katikati, chumba kila upande, dohani kila ncha, na vyumba viwili vya kulala ndani ya paa vikiwa na madirisha yaliyotokeza juu. Kuta ni za mawe, unene wa sentimita 60 hivi. Paa ni la vigae vya mawe bapa, kama vile vilivyochongwa Ballachulish hadi machimbo yake yalipofungwa mwaka 1955. Madirisha ni madogo, na ukuta wa nyuma, ulioupa mgongo upepo, unaweza usiwe na dirisha hata moja. Mabanda yake ni ya mabati, aghalabu yamepakwa rangi nyekundu. Atokaye kwetu atayatambua mara moja. Nyumba kadhaa za nyasi ziliezekwa mabati juu kwa juu bila hata kuvua nyasi za zamani.

Ukuta huo wa mawe una tabia moja unayopaswa kuiheshimu. Ulijengwa kwa chokaa, na chokaa hupokea unyevu na kuuachia. Baadaye mafundi wakaja na saruji, wakaupiga lipu ngumu nje na kupaka rangi ya plastiki ndani, na unyevu ulioingia kwenye ufa mdogo ukakosa pa kutokea. Matokeo ni madoa meusi ya kuvu nyuma ya kabati na harufu ya godauni. Unapokagua nyumba, vuta kabati la chumba cha kaskazini utazame nyuma yake. Pitisha kiganja chini ya madirisha. Tazama kama mifereji ya paa imeziba majani, maana mfereji ulioziba huloweka ukuta kuliko mvua yenyewe. Rangi iliyopakwa juzi kwenye kona moja tu ni ushahidi.

Ukishahamia, sehemu ya unyevu unaleta wewe. Ugali na maharage ya kuchemka saa mbili, nguo za watoto zilizoanikwa juu ya hita, watu watano wakilala chumba kimoja, vyote hivyo ni maji yanayoingia hewani na kutua penye ukuta wa baridi. Funika sufuria, washa feni ya jikoni, fungua madirisha ya pande mbili kwa dakika chache kila asubuhi hata kama kuna baridi, halafu funga. Kupasha nyumba joto la wastani kwa muda mrefu huzuia kuvu vizuri kuliko kuiacha iwe barafu mchana kutwa na kuichoma jioni.

Gesi ya bomba haifiki huko. Nyumba hupashwa joto kwa umeme, jiko la kuni, mitungi ya gesi, au tangi la mafuta nje ya nyumba, ambayo ni mafuta ya taa yale yale tuyajuayo. Tangi likiisha katikati ya theluji, lori halitakuja siku hiyo, kwa hiyo lijaze kabla ya Novemba. Jiko la kuni lina hatari iliyowaua watu wengi kwetu waliolala na jiko la mkaa: hewa ya sumu isiyo na harufu. Tangu Februari 2022 sheria ya Uskoti inataka kila nyumba iwe na ving'ora vya moto vilivyounganishwa, kimoja kikilia vyote vilie, na penye jiko la kuni, mkaa, mafuta au gesi kiwepo pia king'ora cha hewa hiyo. Usipokikuta, dai. Dai pia cheti cha matumizi ya nishati, chenye daraja kutoka A hadi G. Nyumba ya mawe ya daraja la F inaweza kuwa na kodi ndogo na ankara kubwa ya joto. Mwenye nyumba binafsi lazima awe amesajiliwa kama mpangishaji. Mikataba ya kawaida iliyoanza Desemba 2017 na kuendelea haina tarehe ya mwisho, na mwenye nyumba hawezi kukutoa bila sababu inayotambuliwa na sheria.

Barabara, simu na siku mbaya

Barabara za Altnaharra ni za njia moja. Magari hupishana kwenye vipenyo vilivyopanuliwa, vyenye kibao. Kipenyo kikiwa kushoto kwako, ingia. Kikiwa kulia, simama ukikabiliana nacho umwache mwenzako aingie. Ukiona gari nyuma yako lina haraka, lipishe; mwenyeji huyo huenda anakwenda kazini nawe unatazama mandhari. Kuegesha kwenye kipenyo ni kosa litakalokumbukwa. Anayekupisha hupungiwa mkono, hata kidole kimoja kikiinuka kwenye usukani kinatosha. Usiku endesha polepole kwa ajili ya kulungu, ambao majira ya baridi hushuka mabondeni.

Ndani ya gari weka blanketi, koleo, tochi, maji na chakula kidogo kuanzia Oktoba hadi Aprili, na usishuke chini ya nusu tangi. Idara ya hali ya hewa ya Uingereza hutoa tahadhari za rangi: njano, kaharabu, nyekundu. Nyekundu maana yake baki ulipo, mwajiri aseme asemavyo. Dhoruba Arwen ya Novemba 2021 ilikata umeme sehemu nyingi za kaskazini mashariki, na nyumba nyingine zilikaa gizani zaidi ya wiki. Namba ya kuripoti umeme kukatika ni 105. Ya dharura ni 999. Ya ushauri wa kiafya usiosubiri daktari kufungua ni 111. Mtandao wa simu hukatika mara tu ukivuka kilima, na ujumbe mfupi unaweza kupita pale ambapo sauti haipiti. Ili uweze kutuma ujumbe kwa 999 jisajili mapema kwa kutuma neno "register" kwenda namba hiyo hiyo. Mwenye mtoto mchanga, mzee au mgonjwa anayetegemea mashine aombe kuandikishwa na kampuni ya nyaya za umeme kwenye orodha ya wanaopewa kipaumbele. Huduma hiyo ni bure.

Kama una hiari ya kuchagua mwezi wa kwenda kukagua, nenda Mei. Aprili hadi Juni kwa kawaida ndiyo miezi yenye mvua kidogo zaidi, na mchana ni mrefu wa kutosha kuzunguka nyumba yote. Usubi wa Uskoti, ambao hauambukizi malaria lakini humfukuza mtu bustanini jioni isiyo na upepo, huanza mwishoni mwa Mei na kudumu hadi Septemba. Kupe wameshaanza, basi vaa suruali ndefu na ujikague miguu jioni, kwani wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme. Kondoo watakuwa na watoto, kwa hiyo mbwa afungwe kamba. Sheria ya mwaka 2003 inakuruhusu kutembea karibu kila mahali ilmradi uwe mstaarabu, isipokuwa uani kwa watu. Kisha mwulize jirani wa nyumba unayoitaka, si mwenye nyumba, jinsi alivyoipita Januari iliyopita na wapi theluji hulundikana. Atakupa chai, na atakuambia.